Aliyepika Hakukaa

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904. Reli ilikuwa imefika hapa miaka mitano tu awali, mji wenyewe ni mabati na matope, lakini tayari kulikuwa na mahali pa kuvalia vizuri ukienda kula. Mimi huanzia hapo nikisikia mtu analaumu Instagram kwa maringo ya mikahawa yetu. Maringo haya yana umri kuliko simu, kuliko hata uhuru.

Walowezi walikuwa mbali na kwao, na si wote walikuwa matajiri vile walivyojifanya. Supu, kisha samaki, kisha nyama, kila kitu na kijiko au uma wake: hayo yaliwahakikishia kuwa wao ni watu wa aina nyingine. Basi ilibidi awepo wa kuachwa nje. Mwafrika aliingia chumba cha kulia akiwa na kanzu nyeupe na sinia mkononi. Hata kama ana wajukuu, aliitwa "boi". Neno hilo likaingia Kiswahili, likakaa.

Sasa, nani alijua sosi hizo zinapikwaje? Memsahibu alitoa amri kwa Kiswahili kibovu, mpishi akatoa chakula cha London kwenye jiko la kuni. Aliijua hiyo meza kuliko walioikalia, ila kuikalia hangeweza. United Kenya Club ilipoanzishwa mwaka 1946 ili Waafrika, Waasia na Wazungu wakutane, kula tu lunchi na mtu wa rangi nyingine lilikuwa jambo geni mjini.

Uhuru ukaja 1963. Rangi ikaondolewa mlangoni, mlango ukabaki. Siku hizi unalindwa na Kiingereza, bei na macho ya weita. Nimewahi kuulizwa, meza kibao zikiwa tupu, kama nimeweka nafasi. Msee aliyenifuata, mwenye lafudhi ya ng'ambo, akaonyeshwa kiti bila swali. Weita mwenyewe ni kijana wa mtaa kama mimi. Sikumkasirikia sana. Kwa mshahara wake, sidhani angeweza kula hapo.

Nikaagiza mbuzi. Aliletwa na ugali uliokatwa vipande kama chipsi, umepewa jina la Kiitaliano na bei ya kula wiki nzima kibandaski. Ulikuwa mtamu, sitadanganya. Menyu ilitaja hadi shamba alikotoka mbuzi. Aliyempika haikumtaja.