Kadi Iliyokuja kwa Posta

Shule za Michigan, Marekani, zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, familia ninazozifanyia ukalimani hapa Grand Rapids zilikosa masomo ya watoto, zikakosa na mlo wao wa mchana. Nyingi ni za Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mgawo wanaujua: foleni, unga, maharage, mafuta. Kadi ya chakula iletwayo na posta bila mtu kuiomba ilikuwa ngeni kwao.

Ilitokana na sheria ya serikali kuu ya Marekani ya tarehe 18 Machi mwaka huo, iliyoruhusu majimbo kuwalipa wazazi thamani ya chakula ambacho mtoto angekula shuleni, dola 5.70 kwa siku. Mpango uliitwa P-EBT, na Michigan ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa, mwezi Aprili. Busara yake ilikuwa kwenye orodha: yalitumika majina ya wanafunzi waliokuwa tayari wakila shuleni bure au kwa bei nafuu. Mzazi hakujaza fomu, wala hakuulizwa hati ya ukaazi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1939, mjini Rochester, New York, msaada wa chakula wa serikali ulianza kwa stempu. Mwenye kipato kidogo alinunua za rangi ya chungwa, na kwa kila dola akaongezewa senti 50 za bluu, za kununulia mazao yaliyowadodea wakulima tu, kama siagi, mayai na maharage. Mpango huo wa stempu ulisimama 1943, Rais Kennedy akaurudisha kwa majaribio 1961. Hadi sheria ya 1977 ilipobadilisha utaratibu, familia nyingi zilitakiwa kutoa fedha zao kwanza ndipo zipewe stempu. Maskini wengi wasio na fedha mkononi, basi, walikosa. Dhuluma hiyo ilidumu miaka mingi mno.

Kadi ya P-EBT nayo ilikuwa na kikwazo chake. Ili kuweka namba ya siri ulipiga simu na kubonyeza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na watoto wengi wa wakimbizi wameandikiwa 1 Januari. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, alinipigia akilia: “Dada, simu inakataa siku niliyomzaa mwanangu!” Tukaweka ile ya kwenye makaratasi ya ukimbizi, ikakubali. Jioni alinunua mchele, samaki na mafuta. Sabuni, iliyohitajika kuliko wakati wowote, kadi haikuinunua. Jirani yake alikuwa ameshaitupa bahasha yake, akidhani ni tangazo la biashara.

P-EBT ilikoma 2023. Kuanzia 2024 kuna mpango wa kudumu wa likizo ya kiangazi katika majimbo yaliyokubali kujiunga, Michigan ikiwemo, ambako ulianza na dola 120 kwa kila mtoto anayestahili. Mzazi mwenzangu, ukihama nyumba, peleka anwani mpya shuleni kabla likizo haijaanza, na bahasha yoyote usiyoielewa mpe mtu akusomee kabla hujaitupa.