Je, Krismasi Ilitoka kwa Wapagani?



Kila mwaka, mwezi wa Desemba unapokaribia, wako Wakristo wenye bidii wanaosema kwamba si halali kuadhimisha Krismasi, kwa kuwa asili yake ni ibada ya jua. Wengine huwacheka. Mimi siwacheki, maana wanauliza jambo ambalo watu wa Mungu waliliuliza zamani sana, tena wana Maandiko mkononi. Basi na tutazame historia.

Ni kweli kwamba Biblia haitaji siku aliyozaliwa Bwana. Mathayo na Luka wametuambia mahali na mfalme aliyetawala, lakini mwezi na tarehe hawakutuambia. Mwalimu Origen wa Iskanderia, katika karne ya tatu, aliandika kwamba katika Maandiko wanaofanya karamu ya siku ya kuzaliwa ni waovu tu: Farao, aliyemtundika mkuu wa waokaji siku hiyo (Mwanzo 40), na Herode, aliyemkata Yohana Mbatizaji kichwa (Marko 6). Krismasi ya tarehe 25 Desemba twaiona kwanza katika kalenda iliyoandikwa Roma mwaka 354. Na katika kitabu hicho hicho, tarehe hiyo hiyo, imeandikwa pia siku ya kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", pamoja na mashindano 30 ya magari ya farasi. Wengi humtambua huyo Asiyeshindwa kuwa ndiye jua, ambalo Kaisari Aurelian alilijengea hekalu huko Roma mwaka 274.

Je, kanisa liliiba siku ya wapagani? Wataalamu hawajapatana. Wako wanaoonyesha kwamba Wakristo wa kale waliamini Bwana alichukuliwa mimba tarehe 25 Machi, siku ile ile waliyodhani kwamba alisulubiwa. Hesabu miezi tisa kutoka hapo, utafika 25 Desemba bila kuliuliza jua. Augustine ameiandika habari hiyo, nami naona ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Hata hivyo, hatari ilikuwako. Katika karne ya tano Papa Leo wa Roma aliwakemea Wakristo waliokuwa wakipanda ngazi za kanisa la Petro, kisha, kabla ya kuingia, wakageuka na kuliinamia jua.

Wengi hufungua Yeremia 10 ili kuupinga mti wa Krismasi. Hapo tuwe waangalifu, ndugu zangu. Nabii anasema habari za mti uliochongwa na fundi, ukapambwa kwa fedha na dhahabu, ukapigiliwa misumari usianguke, nao hausemi wala hautembei. Hiyo ni sanamu. Mti wa Krismasi ulianza Ujerumani zaidi ya miaka 2,000 baada ya Yeremia. Andiko lenye uzito zaidi ni Kumbukumbu la Torati 12, ambapo Israeli wanakatazwa kuuliza jinsi mataifa walivyoitumikia miungu yao ili nao wafanye vivyo hivyo. Liko tena Wagalatia 4, ambapo Paulo anawahofia wanaoshika siku na miezi na miaka. (Wengine huishtaki na Pasaka, kwa sababu ya mungu mke Eostre aliyetajwa na Bede mwaka 725. Lakini huyo amelipa jina neno la Kiingereza. Sisi twasema Pasaka, neno lililotoka kwa Waebrania, na shtaka hilo na liende kwa Waingereza.)

Baba zetu wa Matengenezo huko Uskoti, walipoweka utaratibu wa kanisa mwaka 1560, waliiondoa Krismasi kwa kuwa Maandiko hayakuiamuru. Bunge la Uingereza nalo liliipiga marufuku mwaka 1647, na mjini Canterbury watu wakafanya ghasia. Huko Massachusetts, kuanzia mwaka 1659 hata 1681, aliyeiadhimisha alitozwa faini ya shilingi tano. Uskoti haikuifanya kuwa sikukuu ya umma mpaka mwaka 1958! Basi wale wamisionari Waskoti waliofika Kikuyu mwaka 1898, ambao nchi yao ndiyo iliyozaa jina la Thogoto, walitoka katika taifa ambalo watu wengi walikwenda kazini siku ya Krismasi.

Hapa vijana wetu wana neno, nalo ni la haki. Wamisionari wengi waliwaambia wazee wetu waache ngoma, kwa kuwa ni za kipagani. Mbona basi mti wa Wajerumani uliingia kanisani, na ngoma ikaachwa mlangoni? Swali hilo haliondoki kwa kukunja uso. Kama asili peke yake ndiyo inayohukumu, itatupasa tuanze na jina Ngai, ambalo Wakikuyu waliliita chini ya mugumo kabla mmisionari yeyote hajafika. Waliofasiri Biblia walilitwaa jina hilo, na leo hakuna anayeona haya kuomba kwalo. Paulo naye, katika Warumi 14, hakuuliza siku ilitoka wapi. Aliuliza mtu anaishika kwa ajili ya nani.

Hakuna katika kusanyiko letu anayelisujudia jua. Lakini Warumi walikuwa na sikukuu nyingine, Saturnalia, iliyoanza tarehe 17 Desemba: siku za karamu, ulevi, kamari na zawadi. Tertullian aliwalaumu Wakristo wa siku zake kwa kuifuata. Hiyo haijafa. Itazame madukani tarehe 23, mshahara ukiwa mfukoni: kreti za bia, mbuzi wa mkopo, nguo mpya kwa kila mtu. Kisha shule hufunguliwa, na mtoto amekaa nyumbani kwa ajili ya karo. Wazee wa kanisa huletewa habari hizo mwezi wa Januari, si mwezi wa Desemba.