Mazoezi ya kuzuia kuanguka: kwa nini wazee wengi wanayakwepa?

Ukimwambia mzee anayelima asimame kwa mguu mmoja, jibu si gumu kulitabiri: mimi nashika jembe tangu alfajiri, mazoezi ya nini tena? Swali ni la haki, na tunalisikia mara kwa mara, kwa hiyo tulieleze.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Walio hatarini zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Nyonga ikivunjika, hata aliyepona mara nyingi harudi kutembea kama zamani.

Jembe linatia nguvu, hatukatai. Lakini asiyeanguka ni yule ambaye mwili wake umezoea kujirudisha unapoyumba. Ndiyo maana zoezi linalosaidia ni lile linalokutikisa kidogo. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti 108 kutoka nchi 25 ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23, hasa yale ya kujizoeza kusimama imara. Kutembea peke yake hakujathibitishwa kuwa kunatosha.

Hapo ndipo wazee wengi wanaposita. Wengine wanahofu kwamba zoezi lenyewe ndilo litawaangusha. Wengine ni heshima yao inaguswa. Watafiti waliozungumza na wazee Uingereza waliandika mwaka 2006 kuwa wengi waliuona ushauri huu kuwa mzuri, ila kwa mtu mwingine, aliyezeeka zaidi! Kwetu ongeza na aibu: mama mtu mzima anyanyue mguu uani mbele ya wakwe?

Basi afanyie ndani. Ashike meza nzito, asimame kwa mguu mmoja sekunde 10, kisha abadilishe. Akizoea, ashike kwa kidole kimoja, baadaye aachie kabisa, mtu akiwa karibu. Zoezi lisilomyumbisha tena limekuwa jepesi mno. Aongeze kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, na kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. WHO inashauri siku 3 au zaidi kwa wiki. Mwenye kizunguzungu, au aliyekwisha kuanguka zaidi ya mara moja mwaka huu, apite kwanza zahanati, na aende na dawa anazotumia, kwani baadhi huleta kizunguzungu.

Nanyi vijana, msimwambie babu au bibi kwamba ataanguka. Mwambieni ataendelea kwenda mnadani mwenyewe bila kushikwa mkono. Na kiti anachotumia kiegemezwe ukutani; vile vya plastiki huteleza.