Mmea Stahimilivu wa Chumvi: Chumvi Ipi?

Muuza miche wa pwani ana kauli moja ya kumtuliza mteja mwenye kiwanja karibu na bahari: "Huu chumvi unaiweza." Wataalamu wa mimea wana neno lao, halofaiti, lililoungwa kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya chumvi na mmea. Kwa Kiswahili tunasema mmea stahimilivu wa chumvi. Ni refu, lakini linaeleza zaidi kuliko lile la Kigiriki. Atakayelifupisha akasema "mmea mpenda chumvi" atapotosha, kwa sababu sehemu kubwa ya mimea hii hustawi pia kwenye maji baridi. Imejazana ufukweni kwa kuwa washindani wake hawawezi kuishi hapo. Neno stahimili lina asili moja ya Kiarabu na himili na hamali, yaani kubeba. Na kila mzigo una uzito, na kila mbebaji ana kikomo.

Uzito huo unapimika. Udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi pale maji yake yanapofikisha desisimensi 4 kwa mita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme; maji ya bahari hufika kama 50. Maharage huanza kupunguza mavuno udongo ukivuka 1 tu. Ukoka, unaotambaa hadi kwenye nyufa za baraza, huvumilia karibu 7 kabla ya kudhoofika. Ili mmea uitwe halofaiti hasa, wataalamu wengi hutaka uweze kukua hadi kuzaa mbegu kwenye maji yenye gramu kama 12 za chumvi kwa lita, yaani theluthi ya chumvi ya bahari. Wanaofaulu mtihani huo ni kama asilimia 1 ya aina zote za mimea. Kwa hiyo kila halofaiti ni stahimilivu, ila si kila stahimilivu ni halofaiti.

Ugomvi wangu na istilahi hii uko kwenye neno lake la mwisho. Chumvi ipi? Kusi linapovuma, hurusha rasharasha za bahari juu ya bustani. Chumvi hiyo huunguza majani kuanzia nchani na pembezoni, zaidi upande unaotazama maji, na huenda udongo chini yake ukawa mzima kabisa, maana mchanga wa matumbawe husafishwa upesi na mvua. Chumvi ya ardhini inakuja kwa njia nyingine. Inayashikilia maji, mizizi inashindwa kuyavuta, na mmea unanyauka huku umesimama kwenye unyevu. Dalili yake ni mabaka yaliyopauka na ukoko mweupe juu ya udongo.

Tazama mimea miwili. Ipomoea pes-caprae, ambao jina lake la Kilatini linamaanisha mguu wa mbuzi kwa sababu jani lake limepasuka nchani kama kwato, hutandaza mashina yake mita nyingi juu ya mchanga, na rasharasha haziutishi. Lakini makao yake ni mchanga unaopitisha maji haraka. Mboga ya pwani, Sesuvium portulacastrum, huota hadi pembezoni mwa mikoko, mahali bamvua linapofika. Majani yake manene, yaliyojaa maji, huhifadhi chumvi ndani ya seli. Tafuna moja uone. Yote miwili ni stahimilivu wa chumvi, na bado ukiibadilisha mahali utajuta. Ndiyo maana ningependa tuandike wazi: stahimilivu wa chumvi ya hewani, au wa chumvi ya ardhini.

Kuna na chumvi ya kisimani. Karibu na ufuko, maji baridi chini ya ardhi huelea juu ya maji ya bahari. Pampu ikivuta kupita kiasi, ya chini hupanda, na bustani iliyostawi miaka huanza kumwagiliwa chumvi bila mwenyewe kujua. Hii ihesabu pamoja na ya ardhini.

Mimea inayofunika ardhi, ambayo mimi huiita mimea tandazi, ina kazi ya ziada hapa. Jua likipiga udongo mtupu, maji hupanda na kuvukizwa, chumvi inabaki juu. Udongo uliotandwa hubaki na kivuli na kulimbikiza chumvi kidogo. Ila tahadhari na wedelia, ile ya maua ya njano ambayo wapambaji bustani huipenda mno: imo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na haiheshimu mpaka wa jirani.

Basi ukiambiwa mche unaiweza chumvi, uliza ni ya hewani au ya ardhini. Muuzaji asipojua, nunua mmoja tu, uupande mwanzo wa masika, na usirudi kununua mingine mpaka kusi limekwisha.