Mama Aliyenyongwa Boston na Watu wa Biblia



Jumatano baada ya mafundisho ndugu mmoja aliniuliza: "Pasta, Wapuritani na Mahujaji wa Mayflower si ni watu wale wale? Na si ndio walioleta uhuru wa kuabudu Marekani?" Nilimwambia nitaandika, maana jibu ni refu, na lina damu ndani yake.

Tuanze na maneno. Ukichanganya maneno, historia yote itakupotea.

Uingereza ya miaka ya 1600 ilikuwa na kanisa la serikali, yaani Anglikana. Kanisa la serikali maana yake mfalme ndiye mkuu wake, na sheria inakulazimisha kuhudhuria. Wapuritani walikuwa Waanglikana waliosema kanisa hilo halijasafishwa vya kutosha, wakataka kulisafisha wakiwa ndani. Wengine wakasema halisafishiki, tutoke. Hao ndio Waliojitenga. Kundi lao moja lilikaa kwanza Leiden kule Uholanzi, kisha mwaka 1620 likavuka bahari kwa Mayflower na kuanzisha Plymouth. Hao ndio Mahujaji. Wapuritani wenyewe walikuja kwa wingi 1630 wakiongozwa na John Winthrop, wakaanzisha koloni la Massachusetts Bay, makao yake Boston. Kwa hiyo ndugu yangu, ni jamaa, lakini si watu wale wale.

Sasa nisikilize vizuri. Watu hawa waliteswa kweli kule kwao. Lakini hawakuvuka bahari ili kila mtu aabudu apendavyo. Walitafuta mahali ambapo wataabudu kwa njia iliyo sahihi, na kila anayeishi hapo afuate njia hiyo hiyo. Kuanzia 1631, hukupiga kura Massachusetts kama si mshirika wa kanisa. Na baada ya muda mfupi, kuwa mshirika kulidai usimame mbele ya kanisa utoe ushuhuda jinsi Mungu alivyokuokoa. Sisi tunaopenda ushuhuda tungesema amina hapo. Lakini hebu fikiria ushuhuda wako ukiwa ndio kadi yako ya kura. Ni wangapi wangeokoka kwa ajili ya kura?

Mchungaji mmoja kijana aliliona hilo. Aliitwa Roger Williams. Alifundisha kwamba serikali haina mamlaka ya kuadhibu mtu kwa jinsi anavyomwabudu Mungu. Tena akasema mfalme hana haki ya kugawa ardhi ya wenyeji waliomtangulia kuishi pale. Mwaka 1635 mahakama iliamua afukuzwe kolonini. Akaondoka katikati ya baridi kali ya Januari 1636, akahifadhiwa na wenyeji hao hao, akapata ardhi kwa Wanarragansett na kuanzisha mji wa Providence. Andiko alilolitegemea sana ni mfano wa ngano na magugu, Mathayo 13. Shamba, alisema, ni ulimwengu, na mwenye shamba amekataza watumishi kung'oa.

Baada yake akafuata Anne Hutchinson, mkunga, aliyekusanya watu nyumbani kwake kujadili mahubiri ya Jumapili, na kusema wachungaji wengi walikuwa wanahubiri matendo badala ya neema. Naye akahukumiwa 1637. Siku kanisa la Boston lilipomtenga, 1638, mwanamke mmoja alitoka naye mlangoni. Huyo ni Mary Dyer, na kwa ajili yake ndiyo naandika.

Miaka ya baadaye Mary alikwenda Uingereza akajiunga na Marafiki. Watu waliwaita Waquaker kwa dharau, maana yake wanaotetemeka. Walisema nuru ya Mungu inaweza kumfikia kila mtu, na mwanamke anaweza kusimama kunena Roho akimsukuma. Walikataa kuapa, na hawakuvua kofia mbele ya wakubwa. Boston iliwachapa viboko. Mwaka 1658 wanaume watatu walikatwa sikio moja kila mmoja. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria: Mquaker aliyefukuzwa akirudi, auawe.

Mary alirudi. Oktoba 1659 alisimama chini ya mti akaona wenzake wawili, William Robinson na Marmaduke Stephenson, wakinyongwa. Yeye alikuwa tayari na kamba shingoni aliposomewa msamaha. Akafukuzwa tena. Mei 1660 akarudi tena. Mume wake aliandika barua kuomba maisha yake. Angekubali tu kuondoka, angeishi. Alikataa, na tarehe 1 Juni 1660 wakamnyonga.

Hapa ndipo mimi kama mchungaji hukwama. John Wilson, mchungaji wa Boston, alikuwepo pale kwenye mti akimsihi atubu. Mary alikuwa amejiunga na kanisa lake zamani. Wilson alikuwa anamsihi kondoo wake wa zamani, mtu aliyemfahamu kwa miaka mingi. Na sidhani alikuwa mnafiki. Naamini alimaanisha kila neno, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Mwaka 1661 Mfalme Charles II aliamuru mauaji yale yakome, mfalme yule wa kanisa la serikali walilolikimbia. Lakini Massachusetts iliendelea kutoza kodi ya kulipa wachungaji hadi 1833.

Sasa msidhani ni habari za mbali. Mwaka 1902 wamisionari Waquaker kutoka Marekani walifika Kaimosi. Kanisa la Friends mnaloliona kila kona ya Vihiga na Kakamega limetokana na hao. Mwaka 1927 mmisionari wao, Arthur Chilson, akafundisha pale Kaimosi juu ya ubatizo wa Roho Mtakatifu, na watu wakaanza kunena kwa lugha na kutetemeka. Ndiyo, kutetemeka. Marafiki wakaona huo ni utovu wa utaratibu, wakawatoa kanisani. Waliotolewa ndio waliokuja kuwa African Church of the Holy Spirit.

Ndugu uliyeniuliza, Jumatano hii usome Mathayo 13 kabla hujaja. Uniambie katika shamba lile wewe umejiweka upande gani, na nani alikuambia.