Nani Huandika Kipimo? Takwimu za Miji na Funzo la Matatu za Nairobi

Tumezoea kudhani kwamba kusanifisha takwimu za mji ni kazi ya mafundi tu. Historia yatufundisha vingine. Kila kipimo cha pamoja huzaliwa mahali fulani, nacho hubeba sura ya mahali hapo. Kiswahili Sanifu chenyewe, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kilijengwa juu ya Kiunguja. Kimvita kikabaki kuitwa lahaja.

Tuchukue usafiri wa mjini. Mwaka 2005 shirika la usafiri la mji wa Portland, Marekani, lilishirikiana na kampuni ya Google kuziweka ratiba zake katika majedwali ya mpangilio mmoja. Mwaka 2006 mpangilio huo, uitwao GTFS, ulitangazwa hadharani, na miji mingi ikaufuata. Faida yake haina ubishi: programu moja iliweza kusoma njia za mabasi za miji mingi.

Lakini mpangilio huo ulichukulia kwamba basi lina ratiba na kituo kinajulikana. Hapo ndipo mgongano ulipojitokeza. Matatu za Nairobi huondoka zikijaa, na hushusha abiria hata pasipo na kituo rasmi. Kwa kipimo cha Portland, usafiri wa wananchi wa kawaida wa Nairobi ulikuwa kama haupo.

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, vilianza mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaandika njia zaidi ya 130. Ilibidi kukadiria muda wa safari, na kujadiliana na watumiaji wengine wa GTFS jinsi ya kuurekebisha mpangilio. Mwaka 2014 ramani na takwimu zilitolewa kwa umma bila malipo.

Tunapata mafunzo mawili. Kwanza, kukikataa kipimo cha pamoja si ukombozi; ni kuacha kila idara ifungie takwimu zake kabatini. Pili, kukipokea kama kilivyo ni kukubali kuhesabiwa kwa macho ya wengine. Njia sahihi ni kuingia katika kipimo na kukisahihisha.

Basi, anayetuletea mpango wa mji wa kisasa tumwulize kwanza: daladala, bodaboda na mkokoteni vitaandikwa katika safu ipi?