Tume ya Hadhi ya Wanawake ya San Francisco

Tume ya Hadhi ya Wanawake ya San Francisco ni baraza la mashauri katika serikali ya jiji la San Francisco, jimbo la California, Marekani, lililoundwa mwaka 1975 ili kumshauri Meya na Baraza la Wasimamizi wa jiji juu ya haki na maslahi ya wanawake na wasichana. Wajumbe wake ni saba, nao huteuliwa na Meya kwa muda wa miaka minne. Na mwaka 1994, kwa ridhaa ya wapiga kura, tume ilipata idara yake yenye watumishi wa kutekeleza maazimio yake.

Asili ya tume za namna hii ni ile iliyoundwa na Rais John F. Kennedy mwaka 1961 kuchunguza hali ya wanawake wa taifa zima, chini ya uenyekiti wa Eleanor Roosevelt. Taarifa yake ilipotolewa mwaka 1963, baada ya kufariki kwa mwenyekiti huyo, majimbo mengi, na kisha wilaya na miji, yalifuata mwendo huohuo.

Jambo lililoieneza sifa ya tume ya San Francisco ni Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1979. Rais Jimmy Carter aliutia sahihi mwaka 1980, lakini Baraza la Seneti halikuuridhia, ilhali Kenya iliukubali mwaka 1984 na Tanzania mwaka 1985. Baada ya Mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania Gertrude Mongella, vyama vya haki za binadamu vya San Francisco, vikishirikiana na tume, vilishika hoja kwamba jiji halina sababu ya kuingojea Seneti. Na mwezi wa Aprili 1998 Meya Willie Brown akaitia sahihi sheria ya jiji yenye misingi ya mkataba huo, ya kwanza katika Marekani. Los Angeles ilifuata mwaka 2003.

Sheria hiyo haikuipa tume mamlaka ya kuamrisha, bali haki ya kuhoji: idara ya jiji ichaguliwayo hutakiwa kubainisha ni nani inaowaajiri, ni nani wanaofaidi huduma zake, na fedha zake zinamfikia nani. Za kwanza kuchunguzwa, mwaka 1999, zilikuwa Idara ya Ujenzi na ile inayosimamia vijana wakosaji. Mhandisi anayepanga nguzo za taa huenda asiwe na nia ya kumbagua yeyote, lakini akiulizwa ni nani apitaye njia hiyo usiku kwa miguu, na mama mwenye kigari cha mtoto atashukaje ukingo wa barabara, hesabu yake hubadilika. Kadhalika mipango ya vijana wakosaji, kwa kuwa wengi wao ni wavulana, aghalabu hutungwa kwa kuwakusudia hao, na mahitaji ya wasichana yakasahauliwa.

Fauka ya hayo, kwa miaka mingi tume ilisimamia ruzuku kwa vyama vinavyowahifadhi wanawake wanaodhulumiwa majumbani. Na tangu mwaka 2008, kwa mujibu wa kura ya wananchi, wajumbe wa mabaraza ya jiji huhesabiwa kila baada ya miaka miwili ili ijulikane kama uteuzi wao unalingana na mchanganyiko wa wakazi.

Udhaifu wa chombo hiki umo katika asili yake: wajumbe huteuliwa na yuleyule wanayemshauri, na ushauri waweza kupokewa kwa heshima kisha ukawekwa kabatini. Hata hivyo takwimu za idara zikishatangazwa hadharani, mkuu wake hawezi tena kudai kwamba hakujua, na mwananchi hupata hoja ya kumkabili nayo. Ndiyo maana kampeni iliyoanzishwa mwaka 2014 kuihimiza miji mingine ya Marekani iufuate mkataba ule ilidai, pamoja na sheria, uchunguzi wa idara na chombo cha kuusimamia.